Marehemu Mke Wangu Amekataa Ombi Langu

Waliokuwepo ni hawa: Mama Simu, mwenyekiti wetu, anayepokea simu za hospitali na ambaye hajaona mwanga tangu utotoni, mkandaji wa migongo tunayemwita Vidole, naye haoni, shemeji yangu Waya, mdogo wa marehemu mke wangu, fundi aliyekitengeneza kisomaji chetu, binti yangu, aliyeketi karibu na mlango kama mtu anayetaka kuondoka, wazazi wachache wa wanafunzi wangu wasioona, katika madawati ya nyuma, na mimi, mwalimu, mwenye darasa.

Kila mmoja alijitaja kwa sauti yake mwenyewe. Hiyo ndiyo desturi ya ushirika wetu. Kwa kuwa nusu ya wanachama hawaoni, kikao hakifunguliwi kabla kila aliyemo hajatamka kwamba yumo. Kwetu, anayekaa kimya chumbani ni sawa na anayechungulia dirishani.

"Tumemaliza?" Mama Simu akauliza.

"Bado," Vidole akajibu. "Kuna mtu hajajitaja. Yuko upande wa kabati la vitabu. Viatu vyake ni vipya, vinalia kama vifaranga."

Sisi wenye macho tukageuka. Mtu tuliyemdhani kuwa mzazi akainuka, amevaa tabasamu lililopigwa pasi pamoja na shati. Akaomba radhi, akasema hakuujua utaratibu, na kwamba anatoka katika kampuni inayotutunzia rekodi zetu.

Shemeji alikuwa akitazama sakafu. "Ni mgeni wangu," akasema.

Kwa msomaji aliyelikosa gazeti la juma lililopita, na aelewe jambo moja: mke wangu alifariki kabla ya mvua zilizopita, lakini hajanyamaza.

Alikuwa mwalimu mwenzangu. Shemeji alipoanza kutengeneza kisomaji, yaani programu ya simu inayowasomea wasioona chochote kilichoandikwa, alihitaji koo la mtu wa kweli. Dada yake akamtolea lake. Alirekodi akiwa ndani ya kabati letu la nguo, katikati ya magauni yake na makoti yangu, kwa sababu nguo humeza mwangwi. Alimaliza kazi hiyo akiwa tayari mgonjwa. Tangu hapo anasoma: barua za hospitali, maelezo ya dawa, maswali ya mitihani. Hakuna anayetozwa kitu, maana kisomaji ni mali ya ushirika, na ushirika haukuundwa kutafuta faida.

Juma lililopita niliwaeleza jinsi nilivyoipigia simu kampuni ya mabasi, kuomba siku ya safari ya binti yangu ibadilishwe. Mashine ikapokea. Mashine ikasema nami kwa sauti ya mke wangu.

"Samahani," aliniambia, kwa upole wake uleule, "ombi lako halijakubaliwa. Asante kwa kutuchagua."

Katika ndoa yetu yote, mwanamke yule hakuwahi kunikatalia jambo bila kunieleza sababu.

Nilikata simu. Kisha nikapiga tena. Nakiri kwenu kwamba nilipiga siku ile nzima, nikiomba huku nikijua nitakataliwa.

Tangu hapo sijatulia. Nimeyapanga upya madawati ambayo hayakuwa na kasoro. Nimefuta ubao usioandikwa kitu. Hata kabla ya kikao hiki nilikuwa nikizunguka darasani na kitambaa cha chaki, hadi Mama Simu akaniambia niketi, kwa kuwa namtia kizunguzungu, naye hata hanioni.

Swali lake la kwanza lilikuwa fupi: nani alimpeleka marehemu kwa kampuni ya mgeni huyu?

Macho yote, na masikio ya wasio na macho, yakaelekea kwa shemeji.

"Hakuna aliyempeleka," akasema. "Tulimpeleka sote."

Akatukumbusha. Paa la stoo ya shule lilivuja, kompyuta ya ushirika ikanywa maji, na kisomaji kikawa hatarini kunyamaza. Kampuni ikajitokeza na ghala lake la mtandaoni, ambamo rekodi zetu zingehifadhiwa na kisomaji kingeendelea kufanya kazi, bila malipo yoyote. Tukaita kikao cha haraka. Masharti ya kampuni yakasomwa. Tukapiga kura, kila mtu kwa kinywa chake, na kila kinywa kikasema ndiyo.

"Yalisomwa hapa hapa," shemeji akaongeza. "Na aliyeyasoma ni dada yangu."

Msomaji anivumilie nieleze, maana sidhani kama kosa hili linaweza kutokea mahali pengine duniani. Ushirika wetu hauikubali karatasi yoyote kabla kisomaji hakijaisoma mbele ya wote, ili asiyeona asitegemee macho ya mwenzake. Na wasioona, kwa mazoea, hukisikiliza kisomaji kwa kasi ambayo sikio la mwenye macho haliiwezi. Kwao maneno yaendayo polepole ni kama chakula kilichotafunwa na mtu mwingine. Siku ile muda ulikuwa mdogo, wingu lilikuwa linarudi, na mtu mmoja akasema kisomaji kiachwe kiende mbio. Kikaenda mbio.

"Mimi nililisikia kila neno," Vidole akasema. "Nilidhani wenye elimu mmeielewa maana yake."

"Nasi tulidhani ninyi mmesikia," mzazi mmoja akamjibu kutoka nyuma. "Kwa kasi ile mimi niliambulia 'ndugu mteja' tu."

"Nami nilimuuliza Mwalimu," akasema Mama Simu, bila ukali. "Nilimuuliza kama lile neno la kutumia sauti kwa ajili ya kuboresha huduma lina kasoro. Akasema halina."

Ndivyo nilivyosema. Sababu sikuitoa siku ile, lakini katika kikao hiki niliitoa. Mke wangu alipokuwa na kichekesho alikuwa akikisimulia mbiombio, ili afike mwisho kabla kicheko hakijamshinda. Kisomaji kilipoongezewa kasi, nilimsikia yeye akikimbilia mwisho wa kichekesho. Niliisikiliza sauti. Maneno sikuyasikiliza. Basi marehemu aliyasoma mwenyewe, mbele ya mumewe na mdogo wake, masharti ya kuchukuliwa kwake, nasi tukamwitikia ndiyo.

Mgeni akaona nafasi, akaingia.

Alizungumza vizuri, sitamsingizia. Alisema kampuni haikuja kwa ugomvi. Huazimisha sauti kwa makampuni mengine, na sauti ya marehemu imependwa kuliko zote kwa kuwa haikasirishi watu. Sasa wangependa kukichukua kisomaji kizima. Wasioona wataendelea kusomewa bure. Kutakuwa na mitambo mipya, haitalowa mvua. Shemeji ataajiriwa, na kazi yake itakuwa ileile.

"Na jibu linahitajika leo," akamalizia, "kabla ofisi hazijafungwa. Mkikataa, hatutakuwa na sababu ya kuwahifadhia chochote. Ghala litafungwa."

Kila mtu alielewa maana yake. Kompyuta yetu imekufa. Ghala likifungwa, kisomaji kinanyamaza. Wanafunzi wangu wako karibu na mitihani. Na hospitalini wameweka utaratibu mpya: ujumbe wa wagonjwa hauji tena kwa mdomo, unaandikwa kwenye kioo cha kompyuta. Mama Simu bila kisomaji hawezi kuusoma, na yuko bosi mpya anayesubiri sababu ya kumwondoa kazini.

Sote tulijua. Yeye ndiye aliyejua zaidi, na yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti.

Shemeji akaomba kusema. "Mnaniona msaliti," akaanza, "lakini nani kati yenu ameniuliza watoto wangu wanakula nini? Kisomaji kikigoma, Waya. Simu ikianguka majini, Waya. Mimi ni fundi wa sadaka. Ninatengeneza mali ya watu wote, na nikirudi nyumbani mke wangu ananiuliza kama na sisi ni miongoni mwa hao watu wote."

Ilikuwa kweli, na ukweli wake ulituchoma. Tulikuwa tumezoea kumshukuru. Shukrani ni kitu kizuri, ila haipikwi.

Mama Simu akamgeukia mgeni. Maswali yake nimeyaweka kama yalivyotoka.

"Bure mpaka lini, baba?"

"Kwa sasa hakuna kikomo. Labda sera ibadilike."

"Huyo anayebadilisha sera anakaa wapi?"

"Makao makuu."

"Nikitaka kumbishia hodi?"

Mgeni akatabasamu. "Kuna namba ya huduma kwa wateja."

"Ambayo atapokea marehemu," akasema Vidole.

Tulicheka. Sikutaka kucheka, na binti yangu hakucheka, lakini darasa zima lilicheka kwa namna watu wanavyocheka msibani, kwa kuibia.

Kicheko kilipotulia, Mama Simu akasema na shemeji. Alisema amewahi kugombana naye. Kisomaji kilipoanza kulitamka vibaya jina la dawa, alipapasa njia hadi nyumbani kwake asubuhi, akabisha, naye akatoka na mswaki mdomoni. Jina lile lilikuwa limerekebishwa kabla yeye hajamaliza kumlaumu. "Hicho ndicho ninachokiogopa kukipoteza," akasema. "Mashine zao ni bora, sibishi. Za kwetu zinanywa maji. Lakini ninajua mlango wa kugonga, na aliye nyuma ya mlango anajua kwamba mimi ni mwenye mali, si mteja. Ila nawe una haki. Ushirika unaomla fundi wake si ushirika, ni unyonyaji wenye mwenyekiti. Kosa hilo ni letu, tulirekebishe sisi. Tusimpe mtu mwingine nyumba kwa sababu tumeshindwa kufagia."

Shemeji aliacha kutazama sakafu.

Mimi, nipendaye mambo yaende kwa mpangilio, nikaona njia imenyooka. Nikamwambia mgeni kwamba kanuni yetu ya kwanza inasema sauti ni ya aliyeitoa, na akifariki ni ya warithi wake. Warithi ni mimi na binti yangu. Naomba basi rekodi zirudishwe, na sauti ya mke wangu itolewe katika simu za mabasi na popote pengine ilipoazimwa.

"Rekodi mtarudishiwa leo hii," akajibu kwa adabu. "Lakini sauti, Mwalimu, hilo haliwezekani. Mtambo wetu umekwisha kujifunza kusema kama yeye. Hauzihitaji rekodi tena. Ni kama chumvi iliyokwisha kuingia mchuzini. Unaweza kuuficha mfuko wa chumvi, mchuzi unabaki ulivyo."

Shemeji akasimama. "Uliniambia tunaweza kuitoa siku yoyote."

"Rekodi, ndiyo."

"Uliniambia sauti."

"Labda sikufafanua."

Shemeji akaenda hadi dirishani, akarudi, akaenda tena. Alikuwa kama mimi na kitambaa changu cha chaki. Wahenga walisema rahisi ghali. Hawakutuambia cha bure ni kiasi gani. Alipogeuka alikuwa na uso wa dada yake siku alizokuwa akificha maumivu. Akamwambia mgeni kwamba ile kazi ampe mwingine.

Nilidhani hapo tumefika pabaya kuliko pote. Binti yangu akasimama.

Hajawahi kusema katika vikao vyetu. Huja kwa sababu ni mrithi, hukaa mlangoni, na kisomaji kinapoanza kusoma hutoka nje. Nilifikiri ni ugumu wa moyo. Watoto tunawafundisha kusoma, kisha wao wenyewe hatuwasomi.

"Baba ana macho mazuri," akasema. "Hilo mnalijua. Lakini kila asubuhi anaweka simu mezani, anasomewa gazeti na Mama. Akimaliza anasema asante. Mimi nabaki chumbani mpaka wamalize."

Sikuwa nimemwambia mtu jambo hilo. Sasa limejulikana darasani, na leo najua limejulikana kwenu nyote.

"Mjomba alipotengeneza kisomaji, Mama alikuwa hai," akaendelea. "Aliingia kabatini kwa hiari yake. Nilikuwa nikipita koridoni, ananigongea kutoka ndani, kwamba nitembee taratibu. Alijua anamsomea nani. Huyu wa mabasi hajui anamkatalia nani. Sasa Vidole akisomewa barua yake, halafu akipiga simu akataliwe na sauti ileile, atajuaje ni yupi wa kumwamini?"

"Basi nitasoma mimi," binti yangu akasema. "Kabatini mle mle. Nguo za Mama bado zimo, Baba hajazitoa. Lakini nina masharti, na haya yasomwe polepole. Sauti yangu iwe ya ushirika, isiuzwe wala isiazimwe. Nisiweze kuiuza mimi, wala watoto wangu, wala kikao chochote kilichoitwa mvua ikinyesha. Na ya Mama izimwe. Yote. Hata ile iliyo mfukoni mwa Baba."

Mzazi wa nyuma akauliza jambo ambalo wote tulikuwa tunalifikiria: sauti mpya haitakamilika kwa siku moja, na mpaka hapo Mama Simu atasomewa na nani?

"Na sisi," binti yangu akasema. "Wenye macho tuko wangapi humu? Ujumbe ukija hospitalini, tutumiwe picha yake, mmoja wetu ampigie amsomee. Kwa zamu. Mimi nianze."

Mama Simu akacheka chini kwa chini. Akasema maisha yake yote alikuwa akiwasubiri wenye macho wajifunze kupokea simu.

Shemeji akasema kompyuta ile ya stoo ataifungua tena. Pengine si kila kilichonywa maji kimekufa. Mzazi mmoja akasema safari hii fundi alipwe, na kwamba yeye atachanga kwanza, wengine wamfuate. Mambo yakaanza kutembea. Kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi nilisikia watu wakisema juu ya kesho.

Ni mimi tu niliyebaki nyuma.

Shemeji akaniona. Akanisogelea, akaniambia kwa sauti ya chini jambo ambalo nilikuwa nimekwisha kulifikia mwenyewe, hatua kwa hatua, kama hesabu: tukimzima sisi, atabaki kwao peke yao. Hatasoma tena dawa wala mtihani wala gazeti. Popote duniani atakapozungumza, atakuwa anasema samahani, ombi lako halijakubaliwa.

"Fikiri, shemeji," akasema. "Mimi nilimrekodi. Wewe ulimwoa. Uamuzi huu si wa kuukimbilia."

Mgeni naye alikuwa akitazama saa yake, tabasamu likiwa limemchoka.

Mama Simu akaita kura ya kuikataa kampuni na kuyakubali masharti ya binti yangu. Hatunyanyui mikono sisi, mikono haisikiki. Anataja mtu, mtu anajibu. Vidole akasema ndiyo. Wazazi, ndiyo. Shemeji alikawia, kisha akasema ndiyo. Binti yangu akasema ndiyo, huku akinitazama mimi na si mwenyekiti.

"Mwalimu," akasema Mama Simu, "bado wewe. Na kwa kanuni yetu, bila neno la warithi wote, haya mengine ni hewa."

Mfukoni, simu ilikuwa na joto la paja langu. Nilifikiri juu ya meza ya jikoni kesho asubuhi: chai, gazeti lililokunjwa, na kimya. Nikafikiri juu ya mtu nisiyemjua, mahali nisipopajua, akiomba kitu kwa unyenyekevu, na mke wangu akimkatalia asijue kwa nini.

Nikasimama, kama ninavyowataka wanafunzi wangu wasimame wanapojibu. Nikaiweka simu juu ya meza, ikatoa mlio mdogo, ili na wasioona wajue imewekwa.

"Naitwa mwalimu, mume wa marehemu, na nimo humu," nikasema. "Neno langu ni ndiyo. Binti yangu atasoma, na sauti yake itakuwa ya ushirika, isiyouzika, wala si yangu, wala si yake, wala si ya yeyote atakayekuja na viatu vipya. Zamu za kusoma nitazipanga mimi jioni ya leo. Shemeji, mzime dada yako, uanze na simu hii hapa. Na kesho, ofisi zikifunguliwa tu, mimi na wewe tutakwenda makao makuu kumfuata yule aliyebaki huko. Na hatutapiga simu, tutagonga mlango."